Lafudhi Yako na Masikio ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi

Nafundisha Kiswahili Nakuru, na kila mwaka huwaandaa wanafunzi wa kukariri mashairi kwenye tamasha za muziki. Wazazi wao huniuliza kuhusu lafudhi, na siku hizi hata watu wazima wanaotafuta kazi hunipigia simu na maswali yale yale. Nimeyaweka pamoja hapa. Mengi yametoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Aliye Mombasa atasoma akitabasamu, lakini naye ana swali lake huko chini.

Watu wanajuaje nilikotoka hata kabla sijataja jina?

Mdomo wako ulizoea sauti za nyumbani kabla haujakutana na Kiswahili, na kila lugha ina sauti ilizo nazo na isizo nazo. Dholuo haina sh, haina z, haina v. Aliyekulia kwenye Dholuo pekee akikutana na sauti hizo hushika ile iliyo jirani: shamba linakuwa samba, zote inakuwa sote, vitu vinakuwa fitu. Ekegusii haina l, ndiyo maana kulala kunakuwa kurara. Kwa Mkikuyu wa mashambani l na r huchanganyika, na chai ikifika mezani ni shai.

Kikalenjin ndicho kinachowashangaza wengi. Hakitenganishi p na b, wala t na d, wala k na g. Kwake kila jozi ni sauti moja inayolainika au kukazika kulingana na mahali ilipo ndani ya neno. Ukimwambia mzee wa Molo kwamba amesema "papa" badala ya "baba", atakutazama tu, kwa sababu masikioni mwake amesema kitu kile kile ulichosema wewe. Hili nalirudia kwa kila mzazi: tatizo la matamshi mara nyingi huanzia sikioni.

Juu ya hayo kuna mahadhi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, basi. Dholuo na lugha nyingi za Kiluhya hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maana. Kwa hiyo hata aliyekwisha kurekebisha sh na z zake zote hutambuliwa akisema sentensi moja ndefu.

Lafudhi ya Kiluhya ni moja?

Hapana, na ukimwambia Mmaragoli kwamba anazungumza kama Mbukusu utajibiwa. Tazama ramani tu. Bungoma kuna Sirisia, Kakamega kuna Shinyalu, halafu kuna Vihiga. S, sh na v, katika safari isiyomaliza nusu siku ya matatu. Mwisukha wa Shinyalu ana sh tangu utotoni, Mbukusu wa Sirisia hana. Mmaragoli wa Vihiga ana v, z, d na g, wakati Mbukusu huzipata d na g pale tu zinapotanguliwa na n. Ndiyo maana Mbukusu yule yule anayesema "tawa" na "kari" kwa dawa na gari hutamka ndege, ndoo na ngoma bila taabu yoyote.

Ule mzaha wa kuiita Bungoma "Pungoma" basi unawabebesha Waluhya wote mzigo wa upande mmoja.

Ni kweli Mjaluo hawezi kutamka "sh"?

Si kweli. Aliyezaliwa Kondele au Nyalenda mjini Kisumu, akacheza mpira na watoto wa kila kabila, anatamka sh kama wewe. Sauti hairithiwi kwa damu. Mchukue mtoto wa Kikuyu ukamlee Bondo asikie Dholuo tu, naye atakuletea samba.

Kwa wanaopenda Biblia: Waamuzi sura ya 12 inasimulia jinsi Wagileadi walivyowakamata Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwalazimisha kusema "Shibolethi". Waliosema "Sibolethi" waliuawa palepale. Na Petro, mvuvi wa ziwani, alipomkana Yesu uani kwa kuhani mkuu, waliomzunguka walimjua kwa usemi wake wa Galilaya. Mambo haya hayakuanzia Kisumu.

Mbona lafudhi ya huyu inachekesha na ya yule haichekeshi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, ingawa jibu langu halipendwi.

Mchukue Mfaransa anayefanya kazi na shirika fulani Kisumu. R yake inatoka kooni, h hana kabisa, na "habari" yake ni "abari". Akimaliza sentensi mbili watu wanampongeza: "Lo, unajua Kiswahili kweli!" Sasa mchukue mama anayeuza omena Kibuye, anayeuza na kujadili bei kwa Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni, msamiati umejaa, sarufi ipo. Akisema "mia mbili, pesa sote hapa", kuna kijana atakayeirudia "sote" hiyo siku nzima. Ukihesabu makosa, Mfaransa ameshinda kwa mbali. Kwa hiyo tunachokicheka hakiko kwenye herufi.

Ushahidi mzuri wa hili uko mbali na kwetu. Mwaka 1966 mwanaisimu William Labov alichapisha utafiti wake wa New York, ambako kuacha kuitamka r ya mwisho wa neno kulikuwa alama ya watu wa chini. Wauzaji wa duka la bei ghali waliitamka zaidi ya wauzaji wa duka la bei nafuu. Lakini ukivuka bahari hadi Uingereza, lafudhi ya wakubwa na watangazaji ndiyo isiyoitamka r hiyo. Sauti ile ile. Huku inakushusha, kule inakupandisha. Cheo kinatoka kwa watu walioishika, kisha sikio linajifunza kukiheshimu.

Kwetu vyeo viligawanywa zamani, na vichekesho vya redio na runinga vikavipiga muhuri, tangu enzi za Sauti ya Kenya hadi ilipogeuzwa KBC mwaka 1989 na baadaye. Mlinzi wa geti akawa Mluhya. Mwenye duka anayehesabu sarafu akawa Mkikuyu. Msomi wa kujigamba akawa Mluo, polisi akawa Mkalenjin. Kila mmoja alipewa lafudhi nzito ili asikosewe. Mtoto aliyekua akicheka hayo ndiye leo anayekaa upande wa pili wa meza ya mahojiano, na haelewi kwa nini yule kijana wa Webuye "haoneshi picha ya meneja".

Kuna utafiti wowote, au ni hisia zako tu, mwalimu?

Upo. Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha jaribio ambalo limeigwa duniani kote. Waliwarekodi watu wanaojua Kifaransa na Kiingereza sawasawa, kila mmoja akisoma habari moja kwa lugha zote mbili. Wasikilizaji, bila kujua kwamba sauti mbili ni za mtu mmoja, waliulizwa: huyu ana akili kiasi gani? Anaaminika? Mtu yule yule alipata alama za juu akisoma Kiingereza, lugha ya waliokuwa na mali mjini humo. Na wasemaji wa Kifaransa wenyewe walikipendelea Kiingereza kuliko hata Waingereza walivyofanya. Nikisikia Mluhya akimcheka Mluhya mwenzake kwenye foleni ya benki, nawakumbuka watu wa Montreal.

Mwaka 1992 Donald Rubin wa Marekani alichapisha jaribio lingine: wanafunzi walisikiliza mhadhara mfupi, rekodi moja, sauti ya mzaliwa wa Marekani. Nusu walioneshwa picha ya mwanamke Mzungu, nusu picha ya mwanamke wa Asia. Waliooneshwa Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na walikumbuka machache ya yaliyosemwa. Hapa kwetu picha hiyo ni jina la ukoo. Ukishaambiwa msemaji anaitwa Otieno, unaanza kusubiri s.

Na mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasomea watu vijisentensi vya maarifa, kwa mfano kwamba twiga huweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Vilipotamkwa kwa lafudhi ya kigeni viliaminiwa kidogo, hata wasikilizaji walipoambiwa wazi kwamba msomaji anasoma tu alichoandikiwa na mwingine. Sababu waliyoitoa ni kwamba ubongo ukihangaika kuelewa, uzito huo huuhamishia kwenye ukweli wa neno. Si chuki kila mara. Wakati mwingine ni uvivu wa sikio, na matokeo kwa aliyenyimwa kazi ni yale yale.

Nikipiga simu kuulizia nyumba naambiwa imeshachukuliwa. Rafiki yangu akipiga, ipo. Ni lafudhi?

Huenda, lakini simu moja haithibitishi kitu. Mawakala wa nyumba wa Nakuru hudanganya watu wa makabila yote. John Baugh wa Marekani alilifanyia kazi jambo hili, na yeye na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 1999: mtu mmoja anayemudu lafudhi tatu aliwapigia wenye nyumba wa eneo la San Francisco, maneno yakiwa yale yale. Katika mitaa ya Wazungu, lafudhi ya Mmarekani Mweusi na ya mwenye asili ya Mexico zilipata miadi michache. Waligundua pia kwamba "halo" peke yake ilitosha kumtambulisha msemaji.

Ushauri wangu ni wa kawaida kabisa: nenda mwenyewe, mchana, zungumza na mlinzi kwanza. Mlinzi wa ploti anajua chumba kipi kiko wazi kuliko wakala, na mara nyingi mtasikilizana vizuri.

Mwajiri anaweza kuninyima kazi kwa sababu ya lafudhi?

Kisheria, akikunyima kwa ajili ya kabila au lugha, amevunja sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na inataja asili ya kikabila na lugha kwa majina, na haiwafungi serikali tu bali hata watu binafsi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inarudia hayo kwa kazi, kuanzia kuajiri hadi kupandisha cheo, na inaweka jambo ambalo wengi hawalijui: ukishalalamika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuonesha kwamba hakubagua. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Nakuru na Kisumu.

Neno "lafudhi" lenyewe halimo katika vifungu hivyo. Mwajiri anaweza kudai kwamba kazi ya kutangaza redioni au kupokea simu inahitaji matamshi yanayoeleweka, na dai hilo si la upuuzi. Tofauti iko hapa: "wateja hawatakuelewa" ni hoja inayoweza kupimwa, "hufanani na kampuni yetu" haipimiki. Ukiambiwa hili la pili, andika tarehe, maneno yenyewe, na waliokuwepo.

Kwa upande wa taasisi za umma, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema hakuna taasisi itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ukiingia ofisi fulani za kaunti ukasikia wimbo mmoja tu kutoka mapokezi hadi ghorofa ya juu, utajua sheria na mambo yalivyo ni vitu viwili.

Basi tusitaniane tena?

Taniana. Ukipita Luanda au Maseno, pale Waluo na Wanyore wanaponunua sukuma wiki kwenye meza moja, utasikia wakiigizana lafudhi mchana kutwa, tena kila mmoja kwa lugha ya mwenzake. Utani huo una pande mbili, na anayetaniwa ana nafasi ya kujibu. Mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa hana nafasi hiyo. Wala hana yule aliye kwenye mahojiano.

Mbona wazee wa Nakuru huwa hawaucheki mzaha wa lafudhi?

Wanakumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na mwishoni mwa Januari 2008 fujo zilifika Nakuru na Naivasha. Kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa kitambulisho, na pale jina lilipoleta shaka walisemeshwa lugha. Katika mji huu ambao Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii wamepanga vyumba kwenye ploti moja tangu Bondeni hadi Kaptembwo, namna ya kutamka neno iliweza kukuvusha au kukubakisha. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaona kushrabu, yaani kuteleza kimatamshi kwa ajili ya lugha ya mama, ni kichekesho tu. Mzee jirani yake anainamisha kichwa na kumwomba azungumzie mambo mengine.

Mwalimu anamcheka mtoto wangu darasani. Nifanye nini?

Nenda umwone mwalimu peke yake kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule. Wengi wetu tulifundishwa na watu waliotuvisha diski shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni, ukikaa nayo hadi umnase mwenzako. Tumerithi mkono huo bila kuufikiria.

Mweleze mambo mawili. Kwanza, tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 mwongozo ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Lugha ya nyumbani si adui wa shule. Pili, mtoto aliyechekwa huacha kuinua mkono, na asiyeinua mkono hapati mazoezi, na asiyepata mazoezi habadiliki. Mwalimu anayetaka mtoto atamke sh anajiharibia kazi yake mwenyewe.

Kuhusu mitihani, usiwe na hofu. Karatasi za Kiswahili za KCSE ni za kuandika zote. Kiingereza nacho, karatasi 101/1, hupima stadi za kuzungumza, matamshi yakiwemo, kwa kalamu na karatasi, jambo ambalo bado hunichekesha.

Nataka kuibadilisha lafudhi yangu. Inawezekana ukubwani?

Kuifuta kabisa ni vigumu. Mtoto akihama kabla ya kubalehe mara nyingi huchukua lafudhi ya mtaa mpya nzima nzima; mtu mzima hubaki na alama. Lakini kueleweka na kufanana na wengine ni mambo mawili. Murray Munro na Tracey Derwing walionesha mwaka 1995 kwamba msemaji anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado kila neno lake likaeleweka. Kwa hiyo usishike yote. Shika yanayogeuza maana, haya kwa mfano: mahali na mahari, kula na kura, fua na vua, faa na vaa, sana na zana, suka na shuka, pata na bata, koma na goma.

Anza kwa sikio. Mpe mtu orodha hiyo, akuvurugie mpangilio, asome neno moja moja huku umempa mgongo. Wewe nyoosha kidole upande wa kulia kwa "mahali", kushoto kwa "mahari". Usifungue mdomo mpaka uwe unapata karibu yote. Wanaoruka hatua hii hurudi kwangu wakisema mazoezi hayafai.

Kisha mdomo. Kwa z na v, weka vidole viwili kooni: tamka s ndefu, halafu bila kusogeza ulimi tia sauti mpaka koo litetemeke. Hiyo ni z. Fanya vivyo hivyo kutoka f kwenda v, meno ya juu yakiwa juu ya mdomo wa chini. Kwa sh, anza na s, rudisha ulimi nyuma kidogo na uchongoe midomo. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno na kubaki pale. Kwa r inagusa na kuondoka. Nina mwanafunzi wa Kisii aliyekuwa akishika l kwa kusema "llllala" kama anayeimba, siku nyingi, hadi wenzake wakamzoea. Jukwaani l yake ilitoka safi na hakuna aliyejua ilikotoka.

Jirekodi kwa simu, si kwa maneno pekee pekee bali ukisimulia ulivyoamka. Maneno ya orodha hudanganya.

Nani basi ana Kiswahili chenye lafudhi sahihi? Si watu wa Pwani?

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua Kiunguja cha Zanzibar kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kukisimamia. Yaani hata Kimvita cha Mombasa, chenye mashairi ya karne nyingi, kiliachwa mlangoni katika mji wake wenyewe. Mmombasa anayetucheka sisi wa bara akumbuke kwamba Mzanzibari naye anamsikia yeye. Kwa matamshi nafundisha sanifu, kwa sababu ndiyo ya vitabu na jukwaa. Sifundishi kwamba mwenye nyingine ana upungufu.

Binamu amekaa Marekani miezi michache na amerudi anatweng, anaiga lafudhi ya huko. Tumwache?

Mwacheni. Itaisha yenyewe kabla ya sukari ya kwanza kuisha nyumbani. Ila angalieni kwamba anayejaribu kupanda ngazi hiyo huchekwa, na asiyeijua huchekwa pia.

Mtoto wetu amezaliwa Nakuru. Tukienda kwetu Siaya wanamcheka kwamba Dholuo yake ni ya Kiswahili.

Haya ndiyo malipo ya mji, na yanauma zaidi kwa sababu wanaocheka ni shangazi na nyanya. Mtoto wa namna hii hutamka sh zake vizuri sana, lakini t ya meno na t ya ufizi, ambazo Dholuo huzitenganisha, anaziunganisha. Mwombe nyanya amsimulie hadithi badala ya kumsahihisha, na redio ya Dholuo iwe inasikika jikoni mkirudi Nakuru. Likizo mbili tatu za kuchunga ng'ombe na binamu zake zitafanya ambacho wewe hukiwezi. Na ukiwa pale, usitafsiri kila anachosema. Waache wahangaike kumwelewa.

Mimi ndiye nisiyeelewa. Mgeni wangu ana lafudhi nzito. Naona aibu kumwambia arudie.

Mpe muda kidogo tu. Constance Clarke na Merrill Garrett walionesha mwaka 2004 kwamba sikio huanza kuizoea lafudhi ya kigeni ndani ya dakika moja. Kwa hiyo usianze na maswali yanayohitaji jibu la neno moja. Muulize safari ilikuwaje, kisha nyamaza. Akifika kwenye habari za matatu iliyopasuka gurudumu Mau Summit, utakuwa umeshaijua s yake ni ipi na p yake ni ipi. Kama bado neno moja limekupita, rudia sentensi yake hadi pale ulipopotea na uache nafasi, naye atalijaza.